Sura Inayotoka Kwenye Mkaa

Mpe mtoto wa miaka saba kioo, karatasi ya kaki na kipande cha mkaa, kisha umwambie ajichore akiwa amekasirika. Kwanza atacheka. Baadaye atakunja uso, na kazi itaanza.

Kwa kazi hii naupenda mkaa wa jikoni kuliko penseli. Chagua kipande chepesi. Kizito, cha mti mgumu, hukwaruza tu karatasi. Penseli humfanya mtoto abane vidole na kuhangaikia makosa, ila mkaa hudai mkono mzima, kuanzia begani. Akisugua kwa kidole, kivuli hutokea chini ya shavu. Akitaka mwanga, afute kwa nyama laini ya mkate. Wachoraji wa Ulaya walifuta hivyo kabla ya raba kujulikana.

Kabla ya mstari wa kwanza, aupapase uso wake: mfupa wa nyusi, shimo la jicho, ukingo wa taya. Watoto wengi huyapandisha macho hadi karibu na nywele, kwa kuwa kwenye paji hawaoni cha kuchora. Apime mwenyewe kwa vidole: utosini hadi jichoni, jichoni hadi kidevuni. Ni karibu sawa! Ugunduzi huo una thamani kuliko maelezo yoyote ya mzazi.

Kisha zinakuja nyusi, na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Mtu akikasirika, ncha zake za ndani hushuka na kukaribiana. Akihuzunika, ncha hizohizo hupanda. Ukiinamisha mstari mdogo tu, uso wote umegeuka.

Akitaka kuongeza rangi, nazo zisifungwe na zile za kawaida za uso. Mwaka 1937 Pablo Picasso alichora mwanamke anayelia, akitumia sura ya mpenzi wake Dora Maar, akampaka kijani na manjano usoni, na leso yake ikawa na ncha kali kama kioo kilichovunjika. Picha hiyo ni mali ya jumba la Tate, London. Mwonyeshe mtoto akishamaliza yake. Akiiona mapema, ataiiga.

Ustadi wa mzazi ni kuuzuia mkono wake usiguse karatasi. Aulize tu: ukikasirika, pua yako inafanyaje? Mtoto atarudi kiooni, ataona matundu yametanuka, na pengine atayachora makubwa kuliko macho. Yaache hivyohivyo.