Miguu Miwili ya Dodge City

Huku Mapendo, mtaa wa Goma, watu hutembea juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na mawe hayo hayamfichii mtu goti bovu. Utamtambua mgonjwa wa mguu kabla hajafika kukusalimia. Kwa hiyo akija kauboi kwenye televisheni, Kiingereza chake kinaweza kutupita, lakini mwendo wake hautupiti. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wa miaka ya 1950, wale Bills waliojipa jina la Buffalo Bill, walijifunza ukauboi kwa njia hiyohiyo: waliiga kofia, skafu na namna ya kusimama njia panda.

Mwendo ninaousifu mimi ni wa mwigizaji James Arness. Alizaliwa Minneapolis mwaka 1923, akaenda vitani, na mwaka 1944 huko Anzio, Italia, risasi zikamvunja mguu wa kulia. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Mwaka 1955 akavaa nyota ya Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa Dodge City katika Gunsmoke, tamthilia ya makauboi ya televisheni, na hakuivua kwa miaka 20, vipindi 635. Alikuwa na urefu wa mita mbili. Mtu wa kimo hicho akichechemea, anaonekana hata na aliyesinzia. Kupanda farasi kulimuuma. Lakini mtazame akivuka barabara kumkabili jambazi: hana haraka, mabega yametulia, kila hatua imepimwa. Tulidhani ule ni utulivu wa shujaa. Kwa sehemu ulikuwa hesabu ya mtu anayejua mguu wake unaweza kubeba nini.

Sasa mtazame anayemfuata nyuma, Chester, msaidizi wake, mwenye mguu mkavu usiokunjika. Aliyemwigiza ni Dennis Weaver, mwanariadha halisi, aliyeshindana katika mchujo wa Olimpiki wa Marekani wa mwaka 1948 kwenye dekathloni, mashindano ya michezo kumi! Alichechemea hivyo kwa miaka tisa, akibeba birika la kahawa, akipanda ngazi, akimkimbilia bosi wake. (Jaribu kupanda ngazi bila kukunja goti, nawe umebeba kahawa ya moto.) Basi mzima alicheza kiwete, na mwenye jeraha akacheza mzima, ndani ya fremu moja, na watazamaji wakawaamini wote wawili.

Mwaka 1959 Weaver alipata tuzo ya Emmy kwa Chester, na aliistahili kabisa. Arness aliteuliwa mara tatu, hakupata hata moja. Sishangai: waamuzi watampaje mtu tuzo kwa kuchechemea ambako hawakukuona? Gunsmoke ilifungwa mwaka 1975. Mwaka 1987, akiwa na miaka 64, Arness alirudi kuwa Dillon katika filamu ya televisheni, kisha akacheza nyingine nne.