Nyanya Hulelewa kwa Kunyimwa

Katika kila gramu 100 za nyanya, takriban 94 ni maji. Sukari, ukali, rangi na vitamini vyote vimo katika hizo chache zinazobaki, na ustadi wote wa mkulima unaishia hapo. Anayetaka kuuona aende Ilula, wilayani Kilolo, ambako matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Kisha ashuke kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa mvua zikishakatika.

Kazi huanzia kwenye udongo. Mkulima mzoefu huuteka kiganjani, akaufinya, akaufungua. Ukibaki donge linalonata, maji yamezidi. Ukimwagika wote, mboji hakuna. Anautaka ule unaoshikana, kisha ukavunjika kwa kuguswa tu. Samadi huiacha ioze kabisa kabla ya kuichanganya, maana mbichi huunguza mizizi. Nyanya hupenda pH ya 6 hadi 6.8. Udongo ukizidi uchachu, fosforasi hunaswa humo, mmea ukakosa chakula kilicho miguuni pake.

Mbolea ya kukuzia ndiyo humpambanua fundi na mlimaji wa kawaida. Urea inashawishi: siku chache tu shamba zima limekoza kijani, na majirani wanasifu. Lakini naitrojeni ikizidi, mmea hukimbilia majani na vitamini C ya tunda hupungua. Fundi huinyunyiza kwa ubahili, kisha mimea ikianza kubeba hugeukia potasiamu, ambayo husaidia sukari kusafiri kutoka jani hadi tunda na kulifanya liive sawasawa. Ikikosekana, nyanya hubaki na mabaka ya njano karibu na kikonyo.

Maji nayo yana hesabu yake. Leo mafuriko, wiki nzima ukame: kalsiamu haifiki ncha ya tunda, nalo huoza kitako hata kama udongo una kalsiamu tele. Ndiyo maana fundi huinua matandazo, akachomeka kidole ardhini kabla ya kufungulia maji. Matunda yakianza kugeuka rangi, hupunguza kumwagilia kidogo kidogo. Hayatanenepa sana, lakini sukari na ukali wake vitakolea.

Tazama pia mikono yake wakati wa kupogolea. Chipukizi la kwapani mwa jani hulivunja asubuhi, lingali fupi, kwa vidole, kwa kuwa kisu huweza kubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Majani ya chini yanayogusa udongo huyatoa. Akifika kwenye jani linalokinga kishada dhidi ya jua la saa nane, hulitazama, akaliacha. Hapo anapima mambo mawili yanayovutana. Tunda likipata mwanga, vitamini C yake hupanda. Lakini likopini, inayoipa nyanya wekundu, hutengenezwa vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25 za joto, na zikipita 30 huanza kukwama, tunda likaishia rangi ya chungwa. Jani moja lililoachwa mahali pake linaweza kuamua.

Mwishoni huja kungoja. Nyanya iliyochumwa ikiwa kijani itageuka nyekundu njiani, lakini sukari ya mama yake imekatika siku ilipochumwa. Mwenye subira huiacha shambani hadi wekundu uanze kushika, ingawa kila siku ya ziada ni nafasi kwa kiwavi wa kantangaze kulitoboa tunda.

Tatizo ni kwamba soko hulipa kwa tenga, na tenga hujazwa upesi na nyanya zilizonyweshwa maji mengi. Anayebana maji na mbolea hupata hasara ya ujazo, asilipwe kwa ubora. Wewe mnunuzi unaweza kumlipa. Usikimbilie kubwa kuliko zote; chukua iliyo nzito kuliko umbo lake, nyekundu hadi kikonyoni, na kwa nyanya hiyo usimkazie mkulima bei.