Kauri Isiyofunguka: Ufinyanzi wa Simone Leigh na Haki za Uzazi

Wahakiki wa Simone Leigh, mfinyanzi aliyezaliwa Chicago mwaka 1967, aghalabu huigawa kazi yake mafungu mawili: vyombo vya udongo upande mmoja, huduma za tiba upande wa pili. Sehemu hii inashikilia kwamba mgawanyo huo unaificha hoja inayoyaunganisha, yaani haki ya mwanamke kuamua nani auone mwili wake, na kwa sababu gani.

Tuanze na kauri. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa neno hilohilo hutaja gamba la konokono wa baharini na vyombo vya udongo mweupe uliochomwa. Leigh huunda kauri kubwa kwa kalibu ya tikitimaji, kisha huzichoma tanurini. Kila moja ina mwanya wenye meno unaokumbusha uke, na kwa mhakiki mwenye haraka fumbo huishia hapo. Lakini mwanya huo hauonyeshi kitu: mtazamaji huona ukingo, kisha giza. Vichwa anavyovifinyanga navyo mara nyingi havina macho.

Kufungika huko kuna historia. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa akitafuta tiba ya fistula. Majina matatu yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30, bila ganzi. Ridhaa yao haikuwa na uzito kisheria, kwani walihesabiwa kuwa mali. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako fistula ingali inatibiwa, hawezi kuyaona hayo kuwa mambo ya mbali.

Mwaka 2014 Leigh alifungua kwa muda kliniki aliyoiita Free People's Medical Clinic, Brooklyn, katika nyumba iliyokuwa ya Josephine English, daktari mweusi wa uzazi. Huko mwili uliguswa kwa ridhaa ya mwenyewe. Kwa maoni yangu, kliniki hiyo ndiyo ufafanuzi bora wa vyungu vyake: kilichofungwa hufunguliwa na mwenye nacho.

Ulinganisho na unyago unajitokeza wenyewe, ingawa hapa hatudai kwamba Leigh aliuchota huko. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza vinyago vya udongo vilivyotumiwa Tanganyika kuwafunda wali mambo ya mwili na uzazi. Kinyago kilikuja na wimbo, na maana yake haikutolewa kwa asiyechezwa. Hapo siri ililinda maarifa ya wanawake. Hata hivyo kungwi alifundisha pia utii kwa mume, na mwali hakuulizwa kama anataka kufundwa. Siri ya kundi si sawa na hiari ya mtu mmoja. (Wanaousifu unyago bila kipimo hulipita jambo hili kimya.)

Mipaka ya lugha hii ya Leigh ilidhihirika nje ya jumba la sanaa. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, Aprili 2018. Mwaka uliofuata jopo lilimteua Leigh aunde mnara wa kuchukua nafasi yake, lakini wakazi waliohudhuria walipinga, wakiutaka mchoro wa Vinnie Bagwell. Haki ya kuamua, ambayo kauri zake huidai, safari hii ilidaiwa na mtaa wenyewe. Leigh alijiondoa, na kazi akapewa Bagwell.