Asilimia 42

Mwezi Februari mwaka 2001, jarida la New England Journal of Medicine lilichapa ripoti ya Mark Newman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Waliwapima akili wagonjwa 261 kabla ya upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya ya moyo pale ya zamani ilipoziba. Wakawapima tena walipotoka hospitali, baada ya wiki 6, baada ya miezi 6, na baada ya miaka 5. Walioshuka walikuwa asilimia 53 wakati wa kutoka hospitali, 36 baada ya wiki 6, na 24 baada ya miezi 6. Kisha, baada ya miaka 5, idadi ikapanda hadi asilimia 42.

Ripoti hiyo imeogopwa na watu wengi kuliko waliowahi kuisoma. Mambo ya moyo sikuyasomea, lakini mitihani nimeitunga na kuisahihisha kwa zaidi ya miaka 30, na hii, msomaji, ni habari ya mtihani. Kwa hiyo nitaihakiki kama mwalimu.

Kwanza tukubali kwamba hofu yenyewe ina msingi. Tangu John Gibbon alipofanikiwa kwa mara ya kwanza kutumia mashine ya moyo na mapafu huko Philadelphia mwaka 1953, damu ya mgonjwa imeweza kutolewa mwilini kwa mirija, ikatiwa hewa safi na kurudishwa huku moyo umesimamishwa. Ni kazi ya ajabu. Lakini daktari hulazimika kuubana mshipa mkuu utokao moyoni, na mshipa wa mtu mzima mara nyingi una magamba ya mafuta na chokaa ndani yake. Kombo likibanduka hufuata damu, na damu nyingi huelekea kichwani. Kombo kubwa huleta kiharusi. Madogo, pamoja na mapovu ya hewa, huweza kuacha majeraha ambayo jamaa hawayaoni, ila wanaona mzee amekuwa mzito wa kukumbuka na mwepesi wa hasira.

Sasa tuitazame hiyo asilimia 42. Mwalimu akikuambia kwamba wanafunzi 42 kati ya 100 wameshuka alama, swali la kwanza ni hili: na darasa la jirani je? Ripoti ya Duke haikuwa na darasa la jirani. Hapakuwa na kundi la wagonjwa wa moyo wa umri uleule ambao hawakupasuliwa, wakapewa mtihani uleule kwa miaka ileile. Miaka 5 katika maisha ya mtu mwenye mishipa iliyoziba si muda mfupi. Mishipa ya kichwani nayo huziba, shinikizo la damu linafanya kazi yake, na uzee haungoji ruhusa.

Kuna na kasoro ya pili. Mtu alihesabiwa ameshuka iwapo alama zake zilipungua kwa kiwango fulani katika eneo lolote moja kati ya maeneo manne ya akili. Nyumba yenye milango minne huingiwa na wengi kuliko yenye mmoja. Mwanafunzi mzuri anaweza kuanguka somo moja kwa sababu ya kukosa usingizi tu, na hakuna mwalimu mwenye busara ambaye angemwita mjinga.

Darasa la jirani lilikuja baadaye. Huko Uholanzi wagonjwa 281 waligawanywa kwa kura: wengine wakapasuliwa kwa mashine, wengine bila mashine, moyo ukiendelea kupiga. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5 kama nusu ya kila kundi walikuwa wameshuka. Mashine, mshtakiwa mkuu, haikupatikana na hatia ya peke yake. Mwaka 2009 Ola Selnes na wenzake wa Johns Hopkins walitoa matokeo ya miaka 6: waliopasuliwa na wagonjwa wa moyo waliotibiwa kwa dawa walishuka kidogo, na walishuka sawa.

Jambo hili si la vitabuni tu kwangu. Shemeji yangu, mhasibu mstaafu, ana mishipa mitatu iliyoziba. Kijana wake aliye ng'ambo alimtumia asilimia 42 kwa simu, bila neno lingine. Akaniambia, "Shemeji, heri nife nikiwa najua jina langu." Mpaka ninapoandika haya hajaamua. Nami sitaki idadi isiyo na mizani imwamulie, maana moyo usiotibiwa nao huua, na huumiza ubongo pia.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema sasa kwamba kesi imekwisha. Selnes na wenzake walilinganisha wastani, na wastani wa darasa unaweza kutulia huku mtoto mmoja wa nyuma ameacha kabisa kusoma. Tena zile asilimia 53 za mwanzo hazifutwi na matokeo ya miaka 6. Wiki za kwanza wengi huchanganyikiwa kweli, na ripoti ya Duke yenyewe iliona kwamba hali ya mtu anapotoka hospitali ilikuwa dalili ya hali yake ya baadaye. Hilo ndilo somo lake bora, na ndilo lililosahauliwa kwa sababu ya ile 42.

Wala tusidhani kwamba dawa inayoeleweka kwa akili lazima ifanye kazi. Siku hizi vali ya moyo hubadilishwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na vimetengenezwa vichujio vya kunasa makombo yasifike kichwani. Makombo hunaswa kweli. Lakini jaribio la Uingereza lililochapwa mwaka 2025, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000, lilikuta kiharusi kwa asilimia 2.1 ya waliowekewa kichujio na 2.2 ya wasiowekewa. Bila darasa la jirani, tungelisifu kichujio kama tulivyoilaani mashine.

Ninachowadai madaktari ni kidogo. Wampime mgonjwa kumbukumbu na hesabu kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji, kama wanavyompima damu. Wamwambie yeye na mwenzi wake kwamba huenda akili ikatetereka kwa wiki kadhaa, kwamba wengi hurudi, na kwamba wachache hawarudi. Wampime tena baadaye. Mke akilalamika kwamba mumewe amebadilika, asijibiwe kwamba huo ni uzee tu. Huenda ni uzee kweli, lakini mwalimu asiyekuwa na alama za muhula wa kwanza hana haki ya kusema mtoto hakushuka.