Nyasi za methali

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Tumeitumia methali hii mno hata hatuisomi tena. Kila wakubwa wakigombana, kuna mchambuzi wa kuichomoa. Mimi nina neno nayo: aliyeitunga alimtazama tembo vizuri, nyasi alizipitia tu.

Panda vilima vya Kirushya, wilayani Ngara, uone jinsi neno "nyasi" lisivyotosha. Kwenye shamba lililochoka utakuta motomoto, yenye jani linalokwaruza na suke jeupe, laini kama pamba. Bustanini kuna ndago, nayo wengi huiita nyasi. Chukua shina lake ulizungushe kati ya vidole: lina pembe tatu. Shina la nyasi halisi kwa kawaida ni la mviringo na lina vifundo, kama muwa, maana muwa wenyewe ni nyasi. Mahindi, mtama na ulezi pia. (Kwa hiyo anayepalilia mahindi anang'oa nyasi ili nyasi nyingine zipate nafasi.) Shuka bondeni. Matete, ambayo Warundi wa ng'ambo ya mpaka huyaita urubingo, ni nyasi. Mafunjo, urufunzo wao, ni ndugu wa ndago, japo yanampita mtu kimo.

Halafu hilo "huumia". Mti hurefukia nchani, lakini nyasi hukulia chini, karibu na udongo, ndiyo maana ng'ombe hula leo na wiki ijayo akarudi palepale. Motomoto huchomwa ikabaki majivu, kisha mizizi yake yenye ncha kali ikatoboa juu tena. Mkulima anayepambana nayo hawezi kuionea huruma.

Najua nitajibiwa kwamba methali si somo la mimea. Sawa. Inasema juu ya watu, na hapo ndipo inaponisumbua zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Ukiwatazama kwa mbali, wamebeba mikeka na masufuria, methali inakuja yenyewe mdomoni. Ina huruma, sikatai, ila ni huruma isiyouliza jina. Katika umati ule walikuwamo watoto, wakulima waliobebwa na hofu ya vita, na pia watu waliotoka kuua majirani zao. Wote hao methali inawaita nyasi, kama inavyoiita ndago.

Wahangaza wa Ngara hawakulazimika kuishia hapo. Lugha yao inakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Wangeweza kumsimamisha mtu njiani wakamuuliza anaitwa nani, na ametoka mlima gani.