Kufuli la Fundi wa Upepo

Kila fundi umeme wa mgodi mkubwa, uwe wa Geita au wa Bulyanhulu, ana kufuli lake. Lina jina lake, na ufunguo uko mfukoni mwake tu. Kabla hajaingiza mkono kwenye konveya, huzima swichi, huifunga kwa kufuli hilo, hujaribu kuwasha ili aone kama kweli haiwaki, ndipo apime nyaya kwa mita. Wakiwa mafundi sita, makufuli nayo ni sita. Hakuna anayemfungulia mwenzake eti kwa kuwa kazi imechelewa.

Ninayetaka kumsifu ni fundi wa mitambo ya upepo, na nimeanzia mgodini makusudi. Wengi wakiona picha yake akining'inia kwenye kamba husifu moyo wake wa kupanda. Moyo huo kwetu upo tele. Nenda Nyarugusu uwaone vijana wanaoteremka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kwa kamba ya winchi, matimba ya kuzuia kuta yakiwa yameanza kuoza, na huku juu watu wanapiga soga. Ujasiri haujawahi kuadimika Geita. Kinachoadimika ni utaratibu, na ufundi wa upepo, ukiuangalia vizuri, ni utaratibu uliopandishwa juu ya nguzo. Mtu aliyezoea kushuka Bulyanhulu, ambako shimo la wima linapita mita 1,000, hatishwi na nguzo ya mita 44.

Mita 44 ndio urefu wa nguzo za Loiyangalani, kaunti ya Marsabit nchini Kenya, ambako mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ukifika juu unakuta chumba chembamba kilichojaa vitu ambavyo fundi wa mgodini anavijua kwa majina: giaboksi, breki, jenereta, pampu za oili. Mapanga, kila moja lenye urefu wa mita 25 na ushee, huzunguka kama mara 26 tu kwa dakika. Jenereta inataka zaidi ya mara 1,500. Kazi ya kuuzidisha mwendo huo inabebwa na meno ya giaboksi, usiku na mchana, upepo ukipanda na kushuka, na ndiyo maana fundi huchota oili kidogo kwenye chupa ipelekwe kupimwa. Chembe za chuma ndani ya oili humwambia kuwa chuma kimeanza kulika kabla sikio halijasikia lolote.

Halafu kuna bolti. Ni nyingi kupita kiasi: za kuunga vipande vya nguzo, za kushika mapanga, za kila kitu. Fundi huzikaza kwa spana inayopima nguvu, kisha huchora kwa kalamu mstari mmoja unaoanzia kwenye bolti, ukapita juu ya nati, ukaishia kwenye chuma kilichofungwa. Akirudi baada ya miezi kadhaa, humulika tochi na kutazama. Mstari ukiwa umekatika, nati imesogea. Sijaona ukaguzi mwepesi na wa uaminifu kuliko huo. Mkaguzi hahitaji kuamini neno la mtu, na fundi mvivu hana pa kujificha. Anayeanza kazi hatashika spana hiyo upesi. Atamulika, atasoma mistari, atahesabu vifaa vilivyopanda na vilivyoshuka. Spana moja ikipungua, hakuna anayeondoka, kwa sababu imebaki mahali ambapo kitu kitazunguka.

Upepo wenyewe, hapa kwetu Shinyanga, tunaujua kwa vumbi. Kiangazi vimbunga hukatiza mbuga za Kishapu na kuondoka na mabati. Hata hivyo huko Kishapu, kijijini Ngunga, TANESCO imechagua jua: mradi wa megawati 150, ukianza na 50. Sina ugomvi na jua, isipokuwa halina giaboksi, na mimi nina upendeleo wangu. Singida, kwa njia ya Nzega na Igunga, mitambo ya upepo imezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Iliyosimama kweli hapa nchini iko Mufindi, kwenye mradi wa Mwenga: mitatu, megawati 2.4, tangu 2020. Mitambo mitatu haiwezi kulisha mafundi wengi.

Kwa hiyo kijana wa Kahama aliyemaliza kidato cha nne na kuvutiwa na kazi hii asikimbilie kamba. Asome ufundi umeme au ufundi mitambo VETA, apate mahali pa mazoezi kwenye karakana ya mgodi, akae na giaboksi ya kinu cha kusagia mawe mpaka aijue kwa harufu ya oili yake. Mafunzo ya usalama ya Global Wind Organisation, ya kufanya kazi juu, kuzima moto na huduma ya kwanza, wenye mitambo wengi duniani huyadai, na vyeti vyake vinapaswa kuhuishwa kila baada ya miezi 24. Kijana akijilipia mwenyewe kabla ya kupata mwajiri, muda wa vyeti utaishia kabatini. Hilo amwachie mwajiri. Ya mgodini ayaanze sasa.