Sekunde 40 za Bomba

Ujumbe wa sauti ulionifikia Gatumba usiku mmoja wa Januari una sekunde 40, na ndani yake mna maneno mawili tu: "Sikiliza, mwanangu." Kisha shangazi ananyamaza, anaielekeza simu ukutani, na mabomba ya nyumba yake kule Rochester, jimbo la New York, yanaanza kusema. Tik. Tik-tik. Tik. Halafu ngo! moja nzito, kama mtu kaupiga mlango kwa mchi. Baada ya hapo kimya, hadi mwisho.

Alitaka ushauri, maana zamani nilishika spana. Mimi nikausikiliza kama ninavyosoma shairi, na ilikuwa mara ya sita nilipoanza kuliona umbo lake.

Hapa kwetu hakuna anayepasha nyumba moto. Gatumba iko kwenye tambarare ya Rusizi, Ziwa Tanganyika upande mmoja na mpaka wa Kongo upande wa pili. Joto tunalo la bure. Bomba letu likipiga kelele, basi maji yalikatika na sasa yanarudi: hewa iliyojaa ndani inasukumwa, bomba linakohoa, linatema, na mwenye bidoni anakurupuka. (Tangu mafuriko ya 2020 mtu anaweza kuwa na maji mpaka dirishani na bado akaamka usiku kuvizia bomba.) Kwa shangazi maji yanazunguka. Boila inayapasha, pampu inayasukuma hadi kwenye marejeta, yanapoa, yanarudi kupashwa tena; ni yaleyale msimu mzima. Kwa hiyo kelele ya kule haitangazi ujio wa kitu. Kuna kitu kimebadilika ndani, basi.

Vijitabu vya mafundi hupenda jedwali: dalili, sababu, tiba. Kwenye safu ya dalili kelele zote hurundikwa pamoja, na muda haumo. Hapo Kiswahili kinalizidi jedwali, kwa kuwa kina tanakali sauti, na tanakali ni uchunguzi uliokwisha kuanza. Gulugulu ni hewa iliyonaswa ndani ya rejeta. Mngurumo wa birika linalokaribia kuchemka ni chokaa iliyoganda tumboni mwa boila. Tik ni shaba: bomba la mita 10 likitoka nyuzi 20 hadi 70 hurefuka kwa milimita 8 na nusu hivi, na kama tundu la mbao linalopitia linalibana, basi linang'ang'ania, linachomoka, linang'ang'ania tena. Ndiyo maana mizani ya tik haipangiki, na mapengo yake hupanuka kadiri bomba linavyotulia. Inaudhi tu, haina hatari.

Ngo ilinisumbua zaidi. Ni kibwagizo, kinachorudi kila ubeti, au ni kituo, kinachofunga? Sekunde 40 hazitoshi kujua, tena rekodi ilianzia katikati ya mambo. Nikamwomba arekodi upya, aanze kabla ya kupandisha themostati, asikate mpaka joto litoshe. Ujumbe wa pili ulikuwa na dakika 22, na nikausikiliza wote, nadhani mimi peke yangu duniani niliyewahi kufanya hivyo kwa hiari. Ngo ilikuja mara moja tu, mwishoni kabisa, nyumba ilipokwisha kupata joto lake.

Kituo, basi. Mahali pake palisema kile ambacho ukubwa wake haukuweza kusema: kuna vali inayojibamiza inapofunga. Maji yaliyo mwendoni yakizibiwa njia ghafla hugonga kama nyundo. Nikolai Zhukovsky alilipigia jambo hili hesabu mjini Moscow mwishoni mwa karne ya 19: ndani ya bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo, kanieneo huruka kwa zaidi ya mara 10 ya ile ya hewa. Vali inayogawa moto vyumbani ina mshale wa kuonyesha maji yapite upande gani. Fundi akiifunga kinyume, mkondo huisukuma kwa nguvu inapokaribia kuziba. Nikamwandikia shangazi: mwambie fundi atazame mshale.

Ningeishia hapo. Lakini mhakiki hashibi. Nikaongeza kwamba mabomba yake ni ngoma za Burundi, zile UNESCO ilizoziorodhesha 2014: tik ni amashakwe, zinazoshikilia mapigo, na ngo ni inkiranya, ngoma ya katikati inayoamua. Nililipenda sana wazo hilo.

Siku mbili hakujibu. Kisha: "Ngoma usiniletee."

Usiku wa Agosti 13, 2004, kambi ya wakimbizi Banyamulenge hapa Gatumba ilivamiwa, na zaidi ya watu 150 wakauawa. Mashahidi waliiambia Human Rights Watch kwamba wavamizi walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Baadhi ya manusura walihamishiwa Marekani, na Rochester ni mmoja wa miji iliyowapokea. Shangazi hakuwa kambini. Nyumba yake ilikuwa karibu, na alisikia.

Nikairudia rekodi ya kwanza. Kutoka kwenye ngo hadi mwisho kuna sekunde 19 za kimya, ambazo nilizichukua kuwa mkia tu, mtu kachelewa kuzima simu. Hakuchelewa. Mimi, mchana, na kalamu mkononi, niliisoma ngo kama kituo. Kwake yeye, gizani, ilikuwa mshororo wa kwanza, na katika kimya kile alikuwa akisubiri wa pili. Alichoniomba nisikilize kilianzia pale niliposhusha simu sikioni.

Fundi alikuta mshale umeelekea kusiko, akaigeuza vali. Ujumbe wa tatu ulifika Jumapili, sekunde 40 tena, bila neno mwanzoni. Tik. Tik-tik. Pengo. Tik. Pengo refu zaidi. Karibu na mwisho anasikika kwa mbali, ameshaondoka ukutani: "Njooni jamani, uji unapoa."